Kava la shabiki: jalada la filamu linalobuniwa na mtazamaji

Kava la shabiki ni ile karatasi ya nje ya kasha la DVD au blu-ray, ila safari hii aliyeibuni ni mpenzi wa filamu mwenyewe, bila kuagizwa na mwenye filamu na bila kulipwa. Filamu anayo, ameitazama mara tatu au nne, na kava lililokuja nayo halimridhishi. Au filamu yenyewe haijawahi kutolewa kwenye diski. Basi anakaa kwenye kompyuta, anabuni la kwake, analichapa na kulichomeka kwenye kasha. Wengine hawafiki hata kwenye kuchapa. Kava linabaki picha kwenye simu, wanaonyeshana wenyewe kwa wenyewe.

Kwetu Dar es Salaam neno "kava" lina mambo yake, kwa hiyo nianze kwa kutenganisha. Aliyepita Kariakoo enzi za wauza CD anayakumbuka makava ya diski za kuchoma: filamu kumi au ishirini kwenye diski moja, nyuso za masteringi zimebanana kama abiria wa daladala, nyuma yao moto na helikopta, hata kama ndani helikopta haimo. Kava lile lilikuwa na kazi moja tu, kumsimamisha mpita njia atoe hela. Kava la shabiki haliuzi kitu. Aliyelibuni filamu ameshaimaliza, na anachoweka pale ni kile kilichobaki kichwani mwake taa zilipowashwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: la kwanza linaahidi, la pili linashuhudia.

Ghana kuanzia miaka ya 1980 wachoraji walipaka rangi matangazo ya filamu kwenye magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja, kwa ajili ya mabanda ya video yaliyokuwa yakizunguka mjini na vijijini. Wengi wao walichora filamu ambayo hawakuwahi kuiona. Kazi zile zina uhai wa ajabu na leo zinatafutwa na wakusanyaji wa sanaa, lakini nazo zilikuwa ahadi. Kwetu banda umiza liliridhika na ubao wa chaki mlangoni: jina la filamu, saa, na mechi ya usiku.

Mashabiki wanaobuni makava hupenda sana sinema ya kisanaa. Hizi ni filamu ambazo mwongozaji anafuata macho yake kuliko soko. Hadithi haina haraka, mwisho unaweza kuachwa wazi, na mara nyingi hakuna steringi wa kubandikwa usoni. Ndiyo maana zinasumbua kutengenezewa kava. Kampuni ya Criterion ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984 na zile diski kubwa za leza, ilijijengea jina kwa kuzitoa filamu za aina hii kwa uangalifu, kuwaagiza wasanii wachore kava jipya, na kuliwekea kila toleo namba yake mgongoni, yaani kwenye ule ubavu mwembamba wa kasha. Kwenye DVD, namba 1 ni filamu ya Mfaransa Jean Renoir ya mwaka 1937, namba 2 ni ya Mjapani Akira Kurosawa ya mwaka 1954. Mashabiki wengi waliingilia mlango huo. Walichukua filamu waliyoona imeonewa, wakaibunia kava la mtindo ule ule, kana kwamba imeshaitwa kwenye safu ya wakubwa. Ni namna ya kuidai heshima filamu ambayo hakuna anayeitetea. Mimi nikiona kijana wa hapa kwetu ameibunia kava *Vuta N'Kuvute* ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021, moyo wangu unatulia, kwa sababu najua kuna mtu aliyeitazama mpaka ikamkaa.

Ukitaka kulielewa kava upesi, litazame kama kanga. Kanga ina pindo, ina mji katikati, na ina jina. Mwanamke anayejua kanga hanunui rangi peke yake. Anasoma jina kwanza, kisha anaangalia kama mji unaendana nalo. Kava nalo lina uso, lina mgongo, na lina upande wa nyuma, na vitu hivyo vitatu lazima visemezane. Uso unabeba wazo moja. Nyuma kuna maelezo mafupi, urefu wa filamu, lugha na tafsiri zilizomo. Mgongo ndio unaodharauliwa, wakati kasha likishapangwa kwenye rafu ni mgongo tu unaoonekana mwaka mzima.

Wazo la uso linapatikanaje? Chukua *Touki Bouki* ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, ya mwaka 1973. Vijana wawili wa Dakar, mwanamume na mwanamke, wanatamani kwenda Paris, na pikipiki yao imefungwa fuvu la ng'ombe lenye pembe ndefu mbele ya usukani. Karibu kila anayeibunia kava anazichukua zile pembe, na ana haki. Ng'ombe na mashine, kijijini na ng'ambo, vyote vimefungwa pamoja kwenye chombo kimoja kinachokimbia. Ugumu ni kujua nini cha kuacha. La kwangu la kwanza lilikuwa na pembe, bahari, meli, na nyuso za wote wawili. Lilijaa kama meza ya machinga. Nikaondoa nyuso. Nikaondoa meli. Zikabaki pembe zinazoonekana kwa juu, na bahari imechukua nafasi yote iliyobaki.

Nilipolipeleka stesheneri, dada aliyekuwa kwenye mashine aliliangalia muda mrefu.

"Kaka, hii ni filamu?"

"Ndiyo, dada. Ya Senegali."

"Sasa mbona hakuna mtu? Steringi nitamjuaje?"

Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Nikamweleza kwamba nilitaka anayelishika aione bahari kwanza, kama wale vijana wanavyoiona kila siku. Akasema, "Kwa hiyo wanataka kuondoka." Hakuwa ameiona filamu. Sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha zaidi ya hiyo.

Kava lenyewe lakini liliharibika. Karatasi ya kasha la kawaida la DVD ikikunjuliwa ina upana wa milimita 273 na urefu wa milimita 183: uso milimita 129.5, nyuma milimita 129.5, mgongo 14. Inaingia ndani ya A4, yenye milimita 297 kwa 210, na ndiyo maana kazi hii inawezekana kwenye stesheneri yoyote ya mtaani. Ila mashine nyingi za kuchapa zimewekwa zipunguze kazi kidogo ili isiguse kingo za karatasi. La kwangu lilitoka fupi kwa milimita nane hivi. Ukilitazama mezani huoni kitu. Ukilichomeka kwenye kasha linateleza, na jina la mgongoni linakaa upande, nusu yake imekunjikia usoni. Bluu nayo ilielekea zambarau, kwa sababu kioo cha kompyuta kinatoa mwanga na mashine inachanganya wino, na kuna bluu za mwanga ambazo wino hauzifikii. Tangu siku hiyo namwomba dada achape kwa asilimia 100, kisha napima mgongo kwa rula kabla hajachapa kwenye karatasi nzito. Faili naliandaa kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli kama 3,224 kwa 2,161. Kasha la blu-ray ni fupi zaidi, kwa hiyo kava la DVD halitaingia; linapangwa upya tangu mwanzo.

Kuhusu haki, mpaka ni huu ninaoufuata mimi. Picha iliyokatwa ndani ya filamu ni ya mwenye filamu, na hapa kwetu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kava moja la rafu yangu sitaligeuza kuwa kumi ya kuuza. Nembo ya kampuni siibandiki kwenye kitu nitakachompa mtu mwingine, asije akadhani ni toleo halisi. Na ninapoweza, nachora kwa mkono badala ya kukata picha. Mara nyingi kava linakuwa bora zaidi hivyo, maana mkono unalazimika kuchagua.

Kava la asili usilitupe. Liache ndani ya plastiki, la kwako likae mbele yake. Lile la nyuma ndilo lenye majina ya waliofanya kazi, na atakayeiazima filamu kutoka kwako atataka kuyaona yote mawili.