Matairi ya nyuma na uongo wa kijiweni

Minada ya korosho ikishapita miwili mitatu na hela zikaanza kusoma kwenye akaunti, hapa Mtwara utaziona Mark X na Crown zimebadilishwa viatu. Rimu za inchi 18, nyuma matairi mapana yenye ubavu mwembamba kama chapati. Nazipenda, sitajifanya mtakatifu. Shida ni kwamba hela za korosho na mvua za Desemba hufuatana kama mtu na kivuli chake, na ushauri unaotolewa kijiweni wote ni wa lami kavu.

"Nyuma weka pana kuliko yote, ndiyo gari litashika"

Hii ndiyo iliyoniponza mimi. Nilifunga 255 nyuma (upana wa tairi kwa milimita), mbele nikaacha 225. Kwenye lami kavu gari lilikuwa raha tupu. Januari moja narudi kutoka Mingoyo, mvua imetoka kupiga, naingia Mikindani pale barabara inapoikumbatia ghuba. Sikuwa nakimbia sana, labda 70. Nilihisi kiti kinasogea pembeni kabla sijaelewa kuwa ni gari zima. Nikaja kusimama nje ya lami, kitako kimeelekea minazini. Mama mmoja aliyejikinga mvua kwenye kibanda akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea kupanga mihogo yake.

Ukweli ni kwamba eneo la tairi linalogusa lami linategemea zaidi uzito uliolikalia na upepo uliomo ndani. Ukifunga tairi pana, eneo hilo haliongezeki sana. Linabadilika umbo tu, linakuwa pana na fupi. Kwenye kona kavu umbo hilo ni neema. Kwenye maji ni balaa, kwa sababu tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma, na lisipoyatoa kwa wakati linapanda juu yake na kuelea. Meno yangu nayo yalikuwa yamebaki kama milimita 3. Si kipara, askari asingenisimamisha. Lakini tairi jipya la gari dogo huanza na kama 8, na uwezo wake wa kutoa maji hupungua mapema sana, kabla hujafika kwenye vile vialama vya ndani ya mifereji vilivyowekwa kwenye milimita 1.6.

Kama lazima upanue, panua kidogo, na rimu ilingane na tairi. Kwa mfano 245/40R18, yaani upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana huo, rimu ya inchi 18, inataka rimu ya upana wa inchi 8 hadi 9.5. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, ubavu unatuna na gari linakuwa kama limelewa kwenye kona.

"Tairi laini ndilo linaloshika"

Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoibiwa bila aliyewaibia kujua kwamba ameiba.

Fundi mmoja alinionyesha matairi ya mtumba kutoka Japani. Akabonyeza kwa ukucha wa dole gumba. "Ona kaka, laini kama mkate wa kumimina. Hili nyuma halitelezi ng'o." Na kweli, lilikuwa laini. Nikawasha tochi ya simu, nikazungusha ubavu. Pameandikwa STUDLESS, na pembeni kuna kimchoro cha mlima wenye kitone cha theluji ndani yake.

Hilo ni tairi la majira ya baridi. Limetengenezwa kwa barabara za Hokkaido zenye barafu, ambako mpira wa kawaida hukakamaa. Meno yake yamechanjwa chale nyembamba nyembamba ili zing'ate theluji. Lilete Mtwara, saa nane mchana, kwenye lami ambayo huwezi kuikanyaga peku: zile chale zinayumba, meno yanalegea, gari linachelewa kukuitikia kwenye usukani, breki zinakwenda mbali zaidi, na tairi lenyewe linaisha kama sabuni. Mengi yake yana herufi Q ya mwendo, yaani mwisho wake kilomita 160 kwa saa. Tairi la spoti la kiangazi nalo linashika lami kweli, ila mchanganyiko wa mpira wake umepikwa kwa ajili ya joto. Ukucha hauwezi kukuambia tofauti hiyo. Maandishi yanaweza.

Tukiwa kwenye maandishi: matairi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani yana neno TREADWEAR na namba. 200 ni tairi la kushika sana na kuisha mapema, 500 ni la mwendo mrefu. Namba hiyo kampuni inajipa yenyewe baada ya majaribio, kwa hiyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja, usiichukue kama kiapo. Karibu yake kuna TRACTION, kwa mfano AA au A. Hiyo hupima breki ya kwenda moja kwa moja kwenye maji. Kona haimo kabisa. Mimi zamani nilidhani AA ingeniokoa Mikindani.

"Gari lolote linafaidika ukipanua nyuma"

IST, Passo na Premio nyingi zinavutwa na miguu ya mbele. Nyuma inafuata tu. Ukiipanua hupati nguvu ya kuondokea, unapata gari zito lisilotaka kukata kona.

Na wenzangu wa Subaru, tafadhali. Gari linalosukumwa na miguu minne halipendi matairi ya mizingo tofauti. Subaru wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi, kama milimita 6. Chukua 225/45R18 mbele na 245/40R18 nyuma, vipimo ambavyo macho yanaona vinalingana: ukipiga hesabu, mizingo inatofautiana kwa kama milimita 20. Difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, itakuwa inafanya kazi hata ukinyooka Mtwara mpaka Masasi, na bei yake unaijua.

"Mapya mbele, yaliyochoka nyuma"

Ni kinyume, hata kwa IST. Mbele ikiteleza unaihisi mkononi, unaachia mafuta, gari linarudi. Nyuma ikitangulia, wengi wetu hatuna mikono ya kuirudisha. Ukinunua mawili tu, mapya yaende nyuma.

"Halijawahi kufungwa, kwa hiyo ni jipya"

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe iko upande mmoja tu wa tairi, na kwa bahati mbaya ukikuta limeshafungwa, upande huo uko ndani. Nimelala chini ya gari la watu na tochi mdomoni kwa sababu hiyo, sioni aibu. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, hasa ukipangwa juani mbele ya duka kama mafenesi. Ukiona vijinyufa kwenye ubavu, rudisha hela zako mfukoni.

"Huku joto, punguza upepo lisipasuke"

Linalopasua ni huku kupunguza. Upepo ukiwa mdogo ubavu unajikunja kila mzunguko, na kujikunja huko ndiko kunakozaa joto. Pima asubuhi kabla ya safari, fuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na ukifika Lindi ukakuta presha imepanda, iache. Waliotengeneza gari walishalihesabu hilo. Nitrojeni? Si mbaya, ila hewa ya bure ina asilimia 78 ya hiyo hiyo nitrojeni.

"Lina herufi W, naweza kukimbia 270"

Tairi linaweza, likiwa zima, lina upepo kamili na halijazidishiwa mzigo. Tazama namba iliyotangulia herufi: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 95 ni kilo 690. Kwa gari linalobeba watu watano na kiroba cha korosho kwenye buti, hiyo ndiyo ningeiangalia kwanza.

Sasa hivi nimefunga 225/45R18 zote nne, mpya, za mwaka mmoja. Kijiweni wanasema gari limepoa. Yale ya 255 yako nyuma ya nyumba, nimeyatoboa chini maji yasituame yakaleta mbu, na kuku wa mke wangu ameanza kutagia moja.