Kibaraza kilichochakaa: kazi iko chini, si juu

Wiki mbili zilizopita niliitwa Tabata kuangalia kibaraza cha mama mmoja. Kilikuwa kimepigwa niru mpya (simenti laini ya kung'arisha sakafu) miezi minne tu nyuma, na tayari ilikuwa inabanduka kama magamba ya samaki. Niliokota kipande nikakigeuza. Chini yake kulikuwa na vumbi jekundu, laini, la kupangusa kwa kidole. Sikuhitaji kuuliza zaidi: fundi aliyetangulia alifagia juu juu, akapiga niru, akachukua chake.

Simenti mpya haishiki kwenye vumbi, wala kwenye oili, wala juu ya tabaka lililokwisha kuachia. Ndiyo maana siku ya kwanza sikorogi chochote. Napita na nyundo nagonga taratibu, shubiri kwa shubiri. Zege zima linaitika kwa sauti fupi, kavu. Lililoachia linalia kama debe tupu. Hilo lote linatoka kwa tindo, hata mwenye nyumba akinung'unika. Kisha brashi ya waya, kisha maji mengi. Nikikuta nondo zimeshika kutu, nasimamisha kazi kwanza, kwa sababu kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani, na tabaka jipya litapasuka nalo.

Jioni ya kuamkia kazi nainywesha sakafu ya zamani mpaka ishibe. Zege lililopigwa na jua la Dar lina kiu. Usipolinywesha, litanyonya maji ambayo simenti mpya inayahitaji ili ikomae. Asubuhi napangusa madimbwi: pabaki unyevu tu. Halafu nasugulia uji mzito wa simenti kwa brashi ngumu, na mchanganyiko unafuata papo hapo, uji ukiwa mbichi. Ukishakauka umeharibu, haugandishi tena, unatenganisha.

Kipimo changu ni simenti moja kwa mchanga tatu. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unakwenda na ndoo tano za lita 20. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Wa ufukweni usiukubali hata ukiletewa bure: una chumvi, na chumvi inakula nondo. Na tafadhali mzuie fundi anayeongeza maji kila dakika ili mwiko uteleze. Maji ya ziada yakikauka yanaacha vitundu na nyufa.

Unene naweka sentimita 3, na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea uani, masika yasije yakaingia sebuleni.

Mama alitaka niru nyeusi ya kung'aa. Nilimsihi niru hiyo aiweke ndani ya nyumba tu. Kibaraza kinachonyeshewa mvua, niru inateleza, na ana wajukuu wawili wanaokimbia hapo siku nzima. Tukamaliza kwa ufagio wa chelewa, nikauburuta mara moja tu juu ya simenti mbichi, ikabaki mistari midogo ya kushika mguu.

Sasa ni kumwagilia, siku 7 kamili, juu ya magunia. Leo ni ya nne. Asubuhi kanipigia simu: magunia yamekauka, afanyeje? Nimemwambia amwage ndoo mbili kabla ya saa sita, arudie alasiri, na pikipiki ya kijana wake iendelee kulala kwa jirani.