Maadili ya Mchunguzi wa Forensiki ya Kidijitali: Maana Yake Hasa

Simu iliyokamatwa ikifika mezani kwa mchunguzi huku bado inawaka, kazi imeshaanza hata kama hakuna aliyeigusa. Meseji mpya ikiingia, inaweza kukalia nafasi ya ile iliyofutwa jana. Mwenye simu anaweza kuwa mahali pengine akituma amri ya kufuta kila kitu. Kwa hiyo simu huingizwa kwenye mfuko wa Faraday, unaozuia mawimbi ya mtandao, kabla ya jambo lingine lolote. Anayeifungua kwanza "aangalie kidogo tu" ameshaharibu: kufungua faili peke yake kunaweza kubadilisha kumbukumbu ya lini ilisomwa mara ya mwisho.

Forensiki ya kidijitali ni taaluma ya kukusanya, kuhifadhi, kuchambua na kueleza ushahidi uliomo kwenye simu, kompyuta, seva na akaunti za mtandaoni, kwa namna ambayo mahakama inaweza kuutegemea. Maadili yake wengi huyajua nusu: usile rushwa, usivujishe siri. Hayo ni lazima, lakini mimi naona neno linaloibeba taaluma hii yote ni amana. Aliyekabidhiwa amana huitunza kama alivyoipokea, na akiulizwa imepita mikono ya nani, ana jibu.

Utunzaji huo una vitendo vyake. Diski halisi haichambuliwi. Hunakiliwa yote, biti kwa biti, kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, kisha uchambuzi unafanyika kwenye nakala. Ili kuthibitisha kuwa nakala ni sawa na asili, mchunguzi hukokotoa heshi, yaani alama inayotokana na hesabu ya data yote iliyomo. Kwa kanuni ya SHA-256, diski nzima hupata alama ya herufi na tarakimu 64. Badilisha koma moja tu ndani yake, alama yote inakuwa nyingine kabisa. Pamoja na heshi kuna fomu ya makabidhiano: nani alipokea, saa ngapi, kutoka kwa nani, na kifaa kilifungiwa wapi. Pengo la saa mbili kwenye fomu hiyo linatosha kumpa wakili wa utetezi hoja ya siku nzima, na ana haki nayo.

Wakati mwingine kugusa kifaa halisi hakuepukiki. Mwongozo uliotumiwa miaka mingi na polisi wa Uingereza ulilikubali hilo, kwa sharti kwamba anayefanya hivyo awe na ujuzi na aweze kueleza mbele ya mahakama alichofanya na athari zake. Mwongozo huohuo ulitaka kila hatua iandikwe, ili mtu mwingine akizirudia afikie matokeo yaleyale.

Sehemu ngumu zaidi, kwa maoni yangu, iko kichwani mwa mchunguzi. Katika utafiti wa Nina Sunde na Itiel Dror uliochapishwa 2021, wachunguzi 53 walipewa faili moja ya ushahidi, lakini maelezo ya kesi yalitofautiana. Walioelezwa mambo yanayoashiria kuwa mtuhumiwa hana hatia waliona dalili chache za ushahidi kwenye faili hiyo kuliko wengine. Hata waliopewa maelezo yanayofanana hawakukubaliana katika yote waliyoyaona. Hao ni watu wa kazi, na hakuna aliyewahonga. Akili huona kile ilichoandaliwa kukiona, kwa hiyo mchunguzi mwadilifu huomba aambiwe yale tu anayoyahitaji, na ripoti yake huipeleka kwa mwenzake aipitie kabla haijatoka.

Programu nazo hukosea. Katika kesi ya mauaji iliyosikilizwa Florida, Marekani, mwaka 2011, mahakama iliambiwa kuwa kompyuta ilifungua ukurasa unaohusu klorofomu, kemikali inayoweza kumpotezea mtu fahamu, mara 84. Ilikuwa mara 1. Aliyeitengeneza programu hiyo, ambaye alikuwa ametoa ushahidi kwa upande wa mashtaka, aligundua kosa hilo mwenyewe akalisema. Kusema hivyo kulimgharimu heshima ya kazi ya mikono yake, na kwangu mimi hapo ndipo maadili yanapoonekana yakiwa kamili. Ndiyo sababu matokeo mazito hupimwa kwa programu ya pili.

Kuna pia mipaka. Hati ya upekuzi ikitaja miamala ya fedha, picha za harusi na majibu ya hospitali yaliyomo kwenye simu hiyohiyo si kazi ya mchunguzi. Akikutana na dalili za kosa jingine, husimama na kuomba kibali kipya. Na anayemlipa, awe mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi au kampuni inayomshuku mfanyakazi wake, hanunui jibu. Kinachomsaidia mshtakiwa huandikwa kwenye ripoti sawasawa na kinachomtia hatiani.

Lugha ya ripoti nayo hupimwa kwa neno. Mchunguzi anaweza kuandika: "Akaunti hii iliingiwa saa nane usiku kupitia kompyuta hii." Hawezi kuandika kuwa mwenye akaunti ndiye aliyeingia, kwa sababu diski haihifadhi vidole vya nani vilikuwa kwenye kibodi. Akibanwa kizimbani aseme ni nani, jibu lake ni kwamba data aliyoichunguza haionyeshi.