Umri wa zaha ya kale kwanza, asili yake baadaye

Mwamba wa zaha, yaani uji wa moto wa volkano ulioganda, uliokaa ardhini miaka bilioni 3 umeshapenywa na maji ya moto, ukakandamizwa na kubadilika madini. Mtu akituletea kipande cha namna hiyo maabara, aghalabu huuliza kilitoka wapi ndani ya dunia. Sisi huanza na umri.

Saa tunayoiamini zaidi ni zirkoni, fuwele ndogo kama chembe ya mchanga laini. Inapoumbika hupokea urani, metali ambayo hugeuka polepole kuwa metali ya risasi, na kuikataa risasi yenyewe, hivyo risasi iliyomo leo karibu yote imezaliwa na urani hiyo. Aina mbili za urani hugeuka kwa kasi tofauti: urani-238 hupungua kwa nusu kila miaka bilioni 4.47, urani-235 kila miaka milioni 704. Saa mbili katika fuwele moja! Zikikubaliana, umri tunauamini. Zikipingana, huenda risasi imevuja. Binafsi sijui kipimo kingine kinachojikagua vizuri hivi.

Bahati mbaya, zaha zilizotoka moja kwa moja kwenye koti la dunia, tabaka nene lililo chini ya ganda la juu, kwa kawaida hazina zirkoni. Mfano ni komatiiti, iliyopewa jina la Mto Komati wa kusini mwa Afrika. Ilibubujika ikiwa na joto la nyuzi 1,600 hivi za Selsiasi, ilhali basalti, zaha ya kawaida ya leo, huwa karibu 1,200. Hapo tunatafuta majivu ya volkano yaliyonaswa kati ya tabaka moja la zaha na jingine, tunapima zirkoni zake.

Asili tunaisoma kwenye metali iitwayo neodimi. Samari-147, aina ya metali nyingine, hugeuka polepole mno kuwa neodimi-143. Nusu yake huchukua miaka bilioni 106. Koti linapoyeyuka, neodimi hukimbilia kwenye uji wa mwamba kuliko samari. Koti lililobaki hulimbikiza neodimi-143 kwa kasi zaidi, na ganda la dunia, lililotokana na uji huo, hubaki nyuma. Zaha hubeba alama ya ilikotoka. Lakini samari iliyomo haikuacha kugeuka baada ya zaha kupoa, kwa hiyo lazima tuondoe neodimi iliyoongezeka tangu siku hiyo. Ukikosea umri kwa miaka milioni mia kadhaa, unaweza kuitajia zaha asili isiyo yake.

Na zirkoni ikionekana kongwe kuliko zaha iliyoibeba, hatuitupi. Mara nyingi imezolewa njiani, ishara kwamba uji ulipita kwenye ganda la zamani na pengine kuchanganyika nalo.