Maana ya tabo kwenye pikapu ya dizeli

Mjomba wangu alinunua pikapu ya dizeli iliyokwishatumika, na wiki ya pili tu akaipeleka gereji kwa sababu kila alipokanyaga mafuta kwenye mwinuko alisikia mluzi chini ya boneti. Fundi alimwambia kwamba hiyo ni tabo, kwamba tabo ndiyo inayokula mafuta, na kwamba dawa yake ni kuing'oa na kuunganisha bomba la moshi moja kwa moja. Mjomba alikubali. Mluzi ukaisha kweli, lakini gari likaanza kutoa moshi mweusi, likawa halipandi mlima wa Kitonga na mzigo wa saruji ila kwa gia ya kwanza, na dizeli aliyozoea kujaza Morogoro ili afike Iringa ikawa haimfikishi. Nimelisikia neno tabo likitumiwa hivyo na wauza magari, na abiria wa mabasi, na watu wazima wenye ujuzi mwingine mwingi, mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niliandikie maelezo.

Tabo ni pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye shafti moja: la kwanza limekaa katika njia ya moshi na husukumwa na moshi unapotoka kwa nguvu, na la pili, kwa kuwa liko kwenye shafti hiyohiyo, hulazimika kuzunguka nalo, likivuta hewa kutoka kwenye kichujio na kuishindilia ndani ya silinda. Katika pikapu nyingi za siku hizi hewa hiyo hupitishwa kwanza kwenye intakula, ambayo ni kama rejeta ya kupoza hewa, kwa sababu hewa inaposhindiliwa hupata joto, na hewa ya moto huchukua nafasi kubwa. Kuhusu kifaa hayo yanatosha. Kinachohitaji maelezo marefu zaidi ni neno, kwa kuwa naamini upotoshaji umeanzia humo.

Turbo ni neno la Kilatini, na katika lugha hiyo lilitaja kitu kinachozunguka kwa kasi juu ya mhimili wake: kisulisuli kinachoinua vumbi, na vilevile pia, yaani kile kidude cha mti ambacho mtoto hukizungushia uzi, akakirusha, kikazunguka chini kwa ncha yake. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na tafsiri kamili ya neno hili kabla ya gari la kwanza kufika pwani yetu, na tungeweza kusema kwamba pikapu fulani "ina pia" bila kupunguza wala kuongeza chochote katika maana ya asili. Mwaka 1822 mhandisi wa Kifaransa, Claude Burdin, alilichukua neno hilo la Kilatini akaunda neno turbine kwa ajili ya mashine inayozungushwa na maji, na mwanafunzi wake Benoît Fourneyron akaja kutengeneza mashine ya namna hiyo iliyofanya kazi vizuri. Mitambo ya Mtera na Kidatu, inayozungushwa na maji ya Ruaha Mkuu, ni ya ukoo huohuo. Pale kinachosukuma mapanga ni maji, na kwenye pikapu ni moshi, lakini jambo ni lilelile: kitu kinachopita kinazungusha gurudumu.

Hakuna mahali popote katika nasaba hiyo ambapo neno hili lina maana ya kelele, wala ya mbio, wala ya ulafi wa mafuta.

Aliyeifikisha mashine ya namna hiyo kwenye injini ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hataza ya wazo lake mwaka 1905. Kilichomsumbua kilikuwa upotevu. Injini inapochoma mafuta, sehemu kubwa ya nishati yake, karibu theluthi moja, hutoka na moshi ikiwa joto na mwendo usiomfaidi mtu yeyote, na Büchi alitaka kuikamata sehemu ya nishati hiyo na kuirudisha kazini. Ilichukua muda mrefu kwa sababu vyuma vya wakati ule havikuhimili joto lile, lakini katika miaka ya 1920 meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini za dizeli zenye kifaa chake, na nguvu ya injini za aina hiyo ikapanda kutoka nguvu za farasi 1,750 hadi 2,500 bila kuongeza ukubwa wa silinda. Lori la dizeli lenye tabo lilitoka katika kiwanda cha Saurer cha Uswisi mwaka 1938, na gari dogo la abiria la namna hiyo, Mercedes-Benz 300SD, lilikuja mwaka 1978. Ni teknolojia iliyozaliwa kwenye meli na malori, vyombo ambavyo mwenyewe huhesabu kila pipa la mafuta.

Hapa ndipo ilipo tofauti ambayo, kwa maoni yangu, ingemwokoa mjomba. Kabla ya tabo kulikuwa na pampu nyingine ya hewa, suparchaja, inayozungushwa na injini kwa mkanda au kwa gia. Hiyo kweli huchukua nguvu iliyokwisha kupatikana: injini inachoma mafuta, inapata nguvu, kisha inagawa sehemu ya nguvu hiyo kuendesha pampu. Jina la Kiingereza la kifaa cha Büchi lilikuwa refu, likiunganisha turbo na suparchaja, na maana yake ilikuwa suparchaja inayozungushwa na gurudumu la moshi badala ya mkanda. Jina lilipofupishwa, kikabaki kipande cha mbele peke yake, maelezo ya nani anayemzungusha nani yakapotea. Baadaye watangazaji wa bidhaa wakalichukua kipande hicho wakakibandika kwenye vitu visivyo na moshi wala gurudumu. Kompyuta za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na kitufe kilichoandikwa turbo. Sisi tulilipokea neno likiwa tayari limeshachuja maana, likimaanisha "kasi ya ziada", na mtu anayejua kwamba kasi hugharimu mafuta akafikia hitimisho ambalo kwa neno lile lilikuwa la haki, ila kwa kifaa chenyewe si kweli.

Tuangalie basi hesabu ya hewa, kwa kuwa dizeli hula hewa kuliko inavyokula mafuta. Ili lita moja ya dizeli iungue yote kunahitajika takriban kilo 12 za hewa, ambazo karibu na usawa wa bahari ni kama lita 10,000, na injini ya dizeli hufanya kazi vizuri ikipata zaidi ya hapo. Hewa ikipungua, mafuta hayaungui yote, na yale yasiyoungua ndiyo unayoyaona nyuma yakiwa moshi mweusi. Umeyalipia sheli, ukayamwaga barabarani. Ndiyo maana pikapu ya mjomba, baada ya kunyimwa pampu yake ya hewa huku pampu ya dizeli ikiendelea kumwaga kiasi kilekile, ilidhoofika na kula zaidi kwa wakati mmoja. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam, hivyo injini isiyo na tabo hupanda nyanda za juu ikiwa imeacha sehemu ya nguvu zake pwani. Jambo hili lilithibitishwa zamani: mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege kwenye mlima Pikes Peak huko Marekani, zaidi ya mita 4,000, akaonyesha kwamba kwa tabo iliweza kupata tena nguvu ilizokuwa ikizipoteza kwa wembamba wa hewa.

Wanaopenda mfano wa karibu wailinganishe Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo ambayo tumeizoea porini na hospitalini, na Land Cruiser ya umbo lilelile iliyofungwa dizeli ya lita 2.8 yenye tabo. Ya kwanza hutoa nguvu za farasi kama 130. Ya pili, ikiwa ndogo kwa theluthi moja, hutoa kama 200, na msukumo wake wa kuvuta mzigo unaizidi ya kwanza kwa mbali. Sitadai kwamba sifa yote ni ya tabo, maana injini mpya humwaga dizeli kwa nozeli zinazoongozwa na kompyuta na kwa shinikizo kubwa sana, lakini bila hewa ya kutosha nozeli hizo zisingekuwa na kazi. Na injini ndogo inayofanya kazi ya kubwa ina vyuma vichache vya kusuguana na kusukumana, hivyo hupoteza kidogo inapotembea bila mzigo.

Sasa mluzi. Gurudumu la tabo ya pikapu likiwa kazini huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, zaidi ya 1,600 kila sekunde, wakati injini yenyewe ikizunguka mara 33 tu kwa sekunde kwenye mwendo wa kawaida wa barabarani. Kitu kinachokata hewa kwa kasi hiyo lazima kitoe sauti nyembamba, na sauti hiyo hupanda unapokanyaga na kushuka unapoachia. Haisemi lolote juu ya wingi wa mafuta yanayotumika. Kwa kweli tabo hutuliza gari, kwa sababu mapigo ya moshi yanayofanya bomba lingurume hupungua yanapopita kwenye mapanga yake, na ule mgongano wa chuma unaosikika kwenye dizeli za zamani ni wa mafuta kulipuka ghafla ndani ya silinda, tabo haihusiki nao. Ule mpumuo mkali wa basi au lori linaposimama ni upepo wa breki, na watoto wangu mwenyewe nimewahi kuwasikia wakiuita tabo. Huuzwa hata vibomba vidogo vya kuchomeka mwisho wa ekzosi ili vilie kama tabo. Anayevifunga amenunua filimbi, na ameziba kidogo njia ya moshi.

Aliyewahi kucheza pia anajua kwamba ikizunguka vizuri huvuma kwa sauti moja iliyo sawasawa, na kwamba inapokaribia kuanguka huyumba na sauti yake hubadilika. Sauti ya tabo nayo husikilizwa hivyo, kwa kuangalia mabadiliko. Mluzi mwembamba uliokuwapo tangu gari lilipokuja ni wa kawaida. Ukigeuka kuwa kama king'ora, au ukasikia mkwaruzo, beringi imelika na mapanga yanakaribia kugusa nyumba yake, na gari lisitembee tena kabla ya kufunguliwa. Ukiambatana na mpumuo wa hewa, huku gari likilegea na kutoa moshi mweusi, basi hewa iliyokwisha kushindiliwa inavuja njiani, mara nyingi kwenye mpira unaokwenda intakula au klempu yake. Sauti ya namna hiyo ndiyo inayokwenda pamoja na ulaji wa mafuta, na chanzo chake ni tundu ambalo tabo inajitahidi kulishinda.

Tabo ya mjomba ilikuwa bado gerejini ndani ya boksi, imefungwa kwa kitambaa. Tuliipeleka kwa fundi mwingine, akaizungusha kwa kidole, akatikisa shafti, akasema ni nzima. Kisha akatuonyesha ule mpira wa intakula, uliokuwa na ufa mrefu kama kidole upande wa chini usioonekana. Alibadilisha mpira, akairudisha tabo, na tangu hapo mjomba hujaza tangi hadi pampu ya sheli ijikate yenyewe, huandika kilomita, na hugawanya kwa lita anapojaza tena, ambayo ndiyo njia ya uhakika ya kujua gari linakula kiasi gani.

Siku hizi amegeuka, anawaambia wenzake kwamba tabo inapunguza mafuta. Nilimwomba radhi kwanza, kwa kuwa ni mkubwa wangu, kisha nikamwambia: "Mjomba, hata hivyo si sawasawa. Tabo inaleta hewa tu; ukikanyaga hadi mwisho, nozeli zitamwaga dizeli nyingi kuifuata hewa hiyo." Akanyamaza kidogo, akaniuliza aseme nini basi. Nikamjibu aseme kwamba gari lake lina pampu ya hewa inayozungushwa na moshi, na kwamba mafuta anayapima mwenyewe.