Hofu Huingilia Sikioni

Ukitaka kujua filamu ya kutisha imejengwa kwa nini hasa, rudia ile sehemu iliyokufanya ufiche uso, safari hii sauti ukiwa umeizima. Utaona mtu anapanda ngazi. Utaona mlango, pazia, kivuli. Mara nyingi hakuna zaidi ya hapo. Kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu, na kila ninapoulizwa filamu ipi inatisha kuliko zote, jibu langu huanzia kwenye jaribio hilo. Mtu akifumba macho kwa woga, anazidi kusikia.

Chukua Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Tukio la bafuni, mwanamke anapochomwa kisu akioga, linajulikana hata kwa watu ambao hawajaiona filamu yenyewe. Hitchcock alikusudia lisiwe na muziki kabisa. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, aliuandika hata hivyo, na Hitchcock alipousikia akabadili uamuzi. Filamu nzima Herrmann ametumia ala za nyuzi peke yake, hakuna ngoma wala tarumbeta, na pale bafuni fidla zinapiga noti za juu kabisa, upinde ukisugua nyuzi hadi zinakwaruza. Mlio wa kisu kuingia mwilini ulipatikana kwa kulidunga tikiti kisu. Kwenye picha, kisu ni kama hakigusi ngozi, na damu ni shira ya chokoleti iliyopigwa picha bila rangi. Wanaoapa kwamba walikiona kisu kikizama, walikiona kwa masikio.

Kwa nini fidla zikwaruze hivyo? Mtu anapopiga yowe la kweli, nyuzi za sauti kooni husukumwa kupita kiasi chake, na sauti hutoka imeparuza: nguvu yake hupanda na kushuka haraka mno, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde. Mazungumzo ya kawaida hayana mtetemo wa kasi hiyo. Ving'ora vinao. Ubongo huushika kama dalili ya hatari kabla hujajiuliza ni nani anayelia. Mwanabiolojia Daniel Blumstein, ambaye amechunguza sana milio ya hatari ya wanyama, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2010 utafiti kuhusu sauti za filamu, wakakuta mayowe ya aina hiyo yamejaa kwenye filamu za kutisha kuliko ambavyo yangetokea kwa bahati tu. Herrmann alilijua jambo hilo kwa sikio lake miaka 50 kabla.

Lakini mlio mkali peke yake haumfikishi mtu mbali. Kelele ya ghafla humshtua yeyote, kama jicho linavyopepesa vumbi likiingia, na baada ya sekunde mbili mambo yamekwisha. Filamu zinazotegemea vishindo vya ghafla kila baada ya dakika chache zinaniuma, kwa sababu mbinu hiyo ilipoanza ilitumika kwa akili nyingi. Katika Cat People ya 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur chini ya mtayarishaji Val Lewton, mwanamke anatembea usiku kando ya ukuta wa bustani. Viatu vyake vinagonga chini, na nyuma yake vinagonga viatu vya mwingine. Kisha vile vya nyuma vinanyamaza. Anaharakisha, anageuka, hakuna mtu. Ukimya unavutwa hadi sikio linaanza kutafuta chochote cha kushika, ndipo mlio mkali kama wa chui unapopasuka. Ni basi limefika. Mpaka leo mafundi wa filamu huiita mbinu hiyo basi la Lewton. Wengi walioiga wamelichukua basi, wakaziacha zile nyayo zilizonyamaza.

Kinachotisha ni kusubiri, na mtazamaji lazima kwanza afundishwe asubiri nini. Sijui mwalimu bora kuliko Jaws ya 1975. Papa wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, hivyo Steven Spielberg akalazimika kupiga picha nyingi bila papa, na nafasi yake ikajazwa na noti mbili za mtunzi John Williams. Kwa muda mrefu filamu inasema ukweli: noti zikisikika, papa yupo. Watoto wawili wanapowahadaa waogeleaji kwa pezi la bandia, muziki haupo, na papa hayupo. Unaizoea alama hiyo bila kujua kwamba unafunzwa. Halafu Brody, mkuu wa polisi anayemsaka papa, anatupa chambo baharini huku akinung'unika, hakuna muziki wowote, na kichwa cha papa kinaibuka. Kuanzia hapo hata ukimya hauaminiki.

The Exorcist ya 1973 inapita njia nyingine. Sikio hukadiria ukubwa wa mwili kutokana na sauti, maana koo dogo halitoi mvumo wa koo kubwa. Mwongozaji William Friedkin alimpa mtoto aliyepagawa na pepo, aliyeigizwa na Linda Blair, sauti ya Mercedes McCambridge, mwanamke mtu mzima aliyebobea katika michezo ya redio. Macho yanasema mtoto, masikio yanakataa. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar ya sauti, na iliistahili. Ringu ya Hideo Nakata, 1998, ilifanya hila kama hiyo kwa mwendo: mwigizaji wa Sadako, mzimu wa filamu hiyo, alitembea kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa.

Ukinibana nitaje moja tu, nitataja The Haunting ya mwaka 1963. Mwongozaji wake, Robert Wise, alianza kazi kwenye idara ya sauti ya studio ya RKO, na filamu zake za kwanza aliziongoza chini ya Lewton yuleyule. Hatuonyeshwi mzimu hata mara moja. Wanawake wawili wamekumbatiana chumbani, vishindo vinapita ukutani, vinasogea, vinafika mlangoni, vinatulia. Kwa kuwa vishindo vina mahali na vina mwendo, unamjengea mwenyewe huyo anayegonga, na kila mtazamaji humpa umbo la kile anachokiogopa yeye. Hakuna fundi wa vinyago anayeweza kushindana na hilo.

Filamu hizi zinadai vifaa vya kusikilizia. Spika ndogo ya simu haitoi mvumo mzito wa chini. Ukiitazama Paranormal Activity ya 2007 kwa simu, ule mvumo unaotangulia vituko vya usiku haukufikii, nawe unabaki kutazama watu wawili waliolala. Vaa hedifoni zinazofunika sikio lote, au tumia spika zenye besi, na usipunguze sauti pale panapoonekana hakuna kinachotokea.