Muhuri wa mwenyekiti haugawi ardhi

Vijijini Tanzania bado wengi huamini kwamba mwenyekiti wa kijiji akigonga muhuri, kiwanja ni chako. Sivyo. Mwenyekiti ana kiti, hana kijiji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi, nayo haiwezi kumgawia mtu kipande bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, wewe ukiwemo. Kwa hiyo lile tangazo la mkutano lililobandikwa ubaoni, ambalo wengi hulipita wakienda gulioni, linakuhusu. Na ukionyeshwa karatasi yenye muhuri, uliza muhtasari wa mkutano uko wapi.